Ekseli ya kopo Shimano BB-UN300 kwenye baiskeli ya gia ya zamani: uzoefu wangu

Nimefunga BB-UN300, yaani kopo lenye ekseli inayounganisha mikono miwili ya pedeli, kwenye fremu tatu za chuma za miaka ya 1990, zote za mtumba, zote zinatumika Dar es Salaam. Ninapofufua baiskeli ya gia, hiki ndicho kipuri ninachonunua mwanzo, kabla ya cheni na kabla ya tairi. Ekseli ya pedeli ikipwaya, urekebishe gia utakavyo hazitatulia, maana sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni) inayumba na cheni inayumba nayo. Nakipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibana nitaieleza huko chini.

Kinachukua nafasi ya mfumo wa zamani wa gololi: 11 za robo inchi kila upande, mabakuli mawili, na ekseli yenye ncha za mraba. Hapa beringi zimefungiwa pamoja na ekseli ndani ya kopo moja lenye sili. Hurekebishi mkazo wa mabakuli, hupaki grisi. Kwa sisi wa pwani hilo ni jambo kubwa, kwa sababu maji ya mvua hushuka kupitia bomba la siti na kutuama palepale kwenye gololi, na hewa ya chumvi inamalizia.

Kwanza hakikisha unakihitaji kweli. Shika mikono yote miwili ya pedeli, itikise kwenda ubavuni. Ikicheza yote kwa pamoja, tatizo ni ekseli au bakuli. Ukicheza mmoja tu, ni bolti ya mkono huo imelegea. Ukishafungua, futa ekseli ya zamani na uangalie njia ya gololi. Ikiwa ni mstari laini unaong'aa, osha, weka gololi mpya na grisi, uokoe hela yako. Ukiona vishimo kama ganda la chungwa, grisi itapunguza kelele kwa muda tu, kisha kelele itarudi.

Kazi ngumu iko kwenye kutoa vya zamani. Mikono ya pedeli hutolewa kwa kivutio, kifaa cha kuing'oa, chenye hesi (nyuzi za skrubu) za milimita 22. Toa bolti au nati ya katikati, halafu ingiza kidole uhakikishe washa (kipete bapa cha chini ya bolti) nayo imetoka. Washa ikibaki ndani, kivutio hakitafika mwisho wa hesi, na hesi za mkono zitang'oka zote mara moja. Kikaze kivutio kwa mkono hadi kikome ndipo uanze kusukuma.

Bakuli la kushoto hufunguka kawaida. La kulia, upande wa cheni, kwa kawaida lina hesi za kinyume: hufunguliwa kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda. Hapa ndipo fremu nyingi huharibiwa kwa nyundo na tindo, mtu akipiga kuelekea kukaza huku anadhani anafungua. Kama bakuli limeshikwa na kutu na huna spana yake, tafuta bolti ya milimita 16 na washa nene mbili. Kichwa cha bolti na washa moja vikae ndani ya bakuli, washa nyingine na nati vikae nje. Shikilia kichwa kwa soketi kupitia upande wa kushoto, kaza nati mpaka ibane kabisa, kisha achia kichwa na uendelee kuvuta nati kwa spana ndefu, mwelekeo uleule wa saa. Nati ikishindwa kukaza zaidi huzungusha bolti na bakuli kwa pamoja, na mwelekeo huo ndio unaolifungua. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Njia hii imenitolea mabakuli mawili ambayo tindo lilikuwa tayari limeyachubua.

Sasa kipimo. Pima upana wa bomba la ekseli kwenye fremu ikiwa tupu: kwa kawaida ni milimita 68 au 73, na makopo hayo mawili hayabadilishani. Halafu urefu wa ekseli. Ipime ya zamani ncha hadi ncha kwa venia (kipimo cha taya cha milimita), lakini usiishie hapo, kwa sababu ekseli nyingi za gololi zina upande wa kulia mrefu kuliko wa kushoto, ilhali kopo lina pande zinazokaribia kulingana. Tofauti ya milimita 5 kwenye urefu wa jumla husogeza sproketi milimita 2.5 hivi. Ni kidogo kwa macho, lakini inatosha sproketi ndogo kugusa bomba la fremu, au kibadilisha cheni cha mbele kushindwa kuifikia kubwa. Njia ninayoiamini: kabla ya kufungua chochote, pima kutoka katikati ya bomba la siti hadi meno ya sproketi ya kati. Kwa baiskeli ya mlimani yenye sproketi tatu, tarajia milimita 47.5 hadi 50. Ukinunua ekseli ya milimita 113 mahali palipotakiwa ya 122.5 kwa kuwa duka lilikuwa na hiyo tu, utafungua tena.

Kufunga ni kwepesi hesi zikiwa safi. Sugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kausha, paka grisi kote. Mwili wa kopo unaingia kulia, ukizungushwa kinyume cha saa. Bakuli dogo linaingia kushoto. Zungusha kwa vidole angalau raundi nne kabla ya kugusa spana. Ikigoma raundi ya kwanza, toa uanze upya, mara nyingi ni rangi ya fremu imejaa kwenye hesi. Spana yake ina meno 20, na meno hayo ni mafupi, hivyo bana spana kwa bolti na washa kwenye ekseli ili isiteleze. Kaza kulia hadi mwisho, ndipo kushoto. Kiasi ni Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 50 hadi 70. Asiye na spana ya kipimo akumbuke hivi: uzito wa kilo 20 mwishoni mwa mkono wa sentimita 30 ni karibu Nm 60.

Bolti za mikono ya pedeli ni M8 (kipenyo cha milimita 8), nazo zinahitaji Nm 35 hadi 50. Kama ekseli yako ya zamani ilikuwa ya nati, nati hizo hazitafaa, kwa hiyo nunua bolti siku hiyohiyo. Ziangalie tena baada ya kilomita 50. Usiendeshe hata siku moja mkono ukiwa umelegea: alumini ni laini kuliko chuma, tundu la mraba hupanuka, na tangu hapo hakuna kukaza kutakakolishika.

Nyota niliyoibana ni hii: beringi ikifa, unatupa kopo zima. Gololi za robo inchi unazipata karibu kwa kila fundi, kopo la urefu wako hulipati kila mahali. Kwa baiskeli inayoishi kijijini mbali na maduka ya vipuri, na ambayo njia yake ya gololi bado nzima, ningebaki na gololi bila kusita.

Watu wengi hulilaumu kopo jipya kwa mlio unaotoka kwingine. Simama kwenye pedeli ukiendesha. Mlio ukinyamaza, ni siti au bomba lake. Ukiendelea, paka grisi hesi za pedeli na ukaze bolti za sproketi kabla ya kufungua kopo.

Gia za nyuma zikiendelea kuruka ilhali ekseli imetulia, angalia sikio la fremu linaloshika kibadilisha cheni. Kwa mtumba uliosafirishwa umerundikwa, mara nyingi limepinda. Hesi zake ni M10 zenye hatua ya milimita 1 kati ya uzi na uzi, sawa na ekseli ya milimita 10 ya magurudumu mengi ya nyuma. Fungua kibadilisha cheni, ingiza ekseli ya gurudumu jingine kwenye sikio, na sasa una magurudumu mawili ubavu kwa ubavu. Pima nafasi kati ya rimu juu, chini, mbele na nyuma. Isipolingana, nyoosha taratibu kwa kuvuta gurudumu hilo la ziada. Sikio la chuma linavumilia. La alumini livute mara moja tu, kwani ukilirudiarudia linapasuka.