Darubini ya Bunduki: Miliradiani au Dakika za Pembe?

Darubini ya kwanza ya bunduki niliyoinunua ilikuwa na kasoro ambayo sikuigundua dukani. Mistari ya kulengea iliyochorwa kwenye kioo chake ilihesabiwa kwa miliradiani, ilhali vifundo vya kurekebishia, vile vinavyolia tik kila vinapozungushwa hatua moja, vilihesabiwa kwa dakika za pembe, au MOA kama wapiga shabaha wanavyozifupisha. Siku ya kuijaribu, kwenye ubao uliosimikwa mita 300, risasi ilipiga chini ya kitovu kwa kiasi ambacho mistari ilikionyesha kuwa miliradiani 1.5, yaani sentimita 45. Nikazungusha hatua sita, kwa kuwa kila hatua ilikuwa robo ya kipimo, na robo sita ni moja na nusu. Risasi iliyofuata ilipanda sentimita 13 tu. Nikadhani darubini ni mbovu, kumbe nilikuwa nimeongeza dakika moja na nusu mahali palipohitaji dakika zipatazo 5.2, sawa na hatua 21.

Vipimo vyote viwili ni vya pembe, si vya urefu. Dakika ya pembe ni sehemu moja kati ya 60 za digrii, na katika yadi 100 hufunika inchi 1.047. Wengi huihesabu kuwa inchi moja kamili, jambo lisilo na madhara kwa umbali mfupi, ingawa katika yadi 1,000 marekebisho ya dakika 20 yatakuwa yameteleza kwa zaidi ya inchi 9. Miliradiani ni sehemu ya elfu ya radiani, yaani pembe ambayo tao lake lina urefu sawa na umbali kutoka kwenye ncha yake, kwa hiyo hufunika sehemu ya elfu ya umbali wowote: sentimita 10 katika mita 100, mita 1 katika mita 1,000, na vilevile yadi 1 katika yadi 1,000. Wanaoiita kipimo cha kimetriki wanakosea. Desimali zake zinapatana tu na mita kuliko zinavyopatana na inchi.

Hoja inayotolewa mara nyingi kuitetea MOA ni kwamba hatua zake ni ndogo zaidi. Ni kweli: katika mita 100, robo ya dakika husogeza risasi milimita 7.3, na sehemu ya kumi ya miliradiani huisogeza milimita 10. Tofauti hiyo ya milimita tatu pungufu humezwa na mtawanyiko wa kawaida wa risasi, isipokuwa kwa anayeshindana kwenye karatasi kwa umbali unaojulikana, ambaye hatua za thumni ya dakika zitamfaa kweli.

Mahali miliradiani inaponikosha ni katika kukadiria umbali. Ubao wenye kimo cha mita 0.5 ukijaza miliradiani 1.25 za mistari, unazidisha kimo kwa 1,000, unagawanya kwa 1.25, unapata mita 400, hesabu unayoweza kuifanya kichwani jicho likiwa bado kwenye kioo. Kwa dakika za pembe utazidisha sentimita 50 kwa 34.4 kisha ugawanye kwa 4.3, ambazo ndizo miliradiani 1.25 zikihesabiwa kwa dakika; jibu ni lile lile, ila mimi hulazimika kutoa kalamu. Katika darubini ambazo mistari yake haikui pamoja na taswira unapovuta karibu, makadirio hayo ni sahihi kwa kiwango kimoja tu cha ukuzaji, uwe unatumia kipimo chochote kati ya hivi viwili.

Anayefikiri kwa mita ningemshauri achukue miliradiani bila kusita. Aliyezoea yadi na inchi, na ambaye wenzake uwanjani hutajiana marekebisho kwa MOA, abaki nayo. Kabla ya kulipa, kila mmoja asome maandishi yaliyochongwa kwenye kifundo na ayalinganishe na maelezo ya mistari. Yangu ya kwanza bado ninayo, na kwenye kitako cha bunduki nimebandika kipande cha karatasi kilichoandikwa 3.44, idadi ya dakika zilizomo katika miliradiani moja.