Taa ya taimingi: uzoefu wangu baada ya kuacha kutegemea sikio

Miaka yote nilitega taimingi, yaani wakati ambao plagi inawasha moto ndani ya silinda, kwa sikio. Nalegeza nati ya distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi, naizungusha distributa kidogo kidogo mpaka injini ichangamke, nakaza. Sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, ilikuwa safi kabisa. Matatizo yalikuwa mlimani: ukikanyaga mafuta ukiwa gia ya 4, unasikia mlio kama misumari inatikiswa ndani ya kopo. Moto ulikuwa unawahi mno.

Ndipo nikanunua taa ya taimingi, ile yenye umbo la bastola na kitufe cha kuzungusha nyuzi (digrii). Nyaya mbili unaziweka kwenye betri, kibanio kinashika waya wa plagi ya silinda namba 1. Kila plagi hiyo inapochoma, taa inamulika, na puli ya mbele ya injini inayozunguka kwa kasi unaiona kama imesimama, alama yake inasomeka. Siku ya kwanza niliduwaa.

Gari langu linataka nyuzi 8 kabla pistoni haijafika juu. Taa ikasoma 26! Nikairudisha hadi 8, nikaingia barabarani nikijisifu. Gari likawa zito kama limebeba mawe, na joto likapanda. Kumbe sikuchomoa mpira wa vakyumu, ule unaoleta mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, kwenye distributa. Wenyewe ulikuwa unaongeza nyuzi kama 12, kwa hiyo mimi nilikuwa nimeuchelewesha moto hadi baada ya pistoni kupita juu. Nikaanza upya: injini ya moto, mpira nje na tundu lake limezibwa, sailensa ya kawaida. Nyuzi 8 za kweli. Mlio wa misumari umeisha.

Distributa iguse kwa adabu. Inazunguka nusu ya mwendo wa kranki shafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, hivyo ukiisogeza nyuzi 1, taimingi inahama nyuzi 2. Na kama ni ya platini, vile vidude vya ndani vinavyogusana na kuachana ili moto utoke, rekebisha nafasi ya platini kwanza, maana ukiigusa baadaye taimingi inahama tena.

Kasoro za taa? Juani mwanga wake hauonekani vizuri. Mimi hupaka alama ya puli rangi nyeupe na kusubiri jioni. Kibanio kina mshale mdogo unaotakiwa kuelekea plagi, nao umechorwa mahali pa kificho. Kubwa zaidi, feni nayo inaweza kuonekana imetulia chini ya mwanga ule. Nusura nipeleke mkono.

Kama gari lako halina distributa, usiinunue. Huko kompyuta ndiyo inayopanga moto, hakuna nati ya kulegeza.