Lenzi Ndefu ya Mbugani kwa Bei Nafuu: Nunua Isiyopumua

Madoa yalikuwa kumi na saba. Niliyahesabu usiku nikiwa nimesharudi Dar, chai imepoa pembeni ya kompyuta. Picha ilikuwa ya twiga wawili wa Serengeti, shingo zimepishana, anga nyeupe nyuma yao, na kwenye anga hiyo vidoa vya kijivu vimetapakaa kama pilipili manga. Mwanzoni nilidhani ni ndege. Nikafungua picha ya pili, ya kumi, ya mia moja. Ndege gani hao wanaokaa mahali palepale tangu asubuhi mpaka jua linazama?

Lilikuwa vumbi juu ya sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Kilichonishangaza ni kwamba siku ile sikubadilisha lenzi hata mara moja. Niliifunga asubuhi chumbani, nikaifungua usiku. Vumbi halikupita mlangoni, lilipitia ndani ya lenzi yenyewe, lenzi ya kuvuta (zoom) niliyoinunua wiki mbili kabla ya safari na kuisifia kwa kila aliyenisikiliza. Kampuni sitaitaja wala duka sitalitaja. Ila lenzi ile ilitoa picha zisizokolea tundu lake la mwanga likiachwa wazi, nikalazimika kulibana hadi f/11 (namba ikikua, tundu linapungua) ili picha itulie, na ukibana tundu ndipo madoa ya sensa yanapojitokeza vizuri. Yaani ugonjwa mmoja ukaanika mwingine.

Tangu hapo kila anayeniuliza anunue lenzi gani ya mbugani namjibu kwa swali: inapumua? Watu wananishangaa. Wao wanataka kujua ni megapikseli ngapi na inafika milimita ngapi. Hayo utayakuta kwenye boksi, sina haja ya kukusomea.

Kupumua ni hivi. Lenzi nyingi za kuvuta huongezeka urefu ukizizungusha. Shingo inatoka nje, nafasi ya ndani inakuwa kubwa, na hewa lazima ije kutoka mahali kuijaza. Inapita kwenye mianya ya shingo hiyohiyo. Ukiirudisha shingo ndani, hewa inasukumwa nyuma kuelekea kwenye sensa. Umewahi kuona mhunzi akivukuta moto? Ndiyo hiyo hiyo kazi, mvukuto mtupu, tofauti yake ni kwamba wewe unavukuta vumbi. Kwa siku moja ya mbugani unavuta na kurudisha mara mia kadhaa bila kujua: tembo yuko mbali, tembo amesogea, tembo amegeuka, mtoto wake huyo.

Na vumbi la kwetu si vumbi la Ulaya. Nyanda za kusini-mashariki mwa Serengeti, kuanzia Ndutu hadi Naabi, udongo wake ni majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na Oldoinyo Lengai uliendelea kuongeza ya kwake ulipolipuka 2007. Majivu hayo ni laini kama unga wa sembe. Pita barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi mwezi wa nane, gari la mbele likuache nusu kilomita, bado utalila. Wenzetu wa Kenya wana Amboseli, jina ambalo huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi la chumvi. Sasa chukua lenzi iliyokunywa vumbi hilo, irudishe Dar au Tanga au Mombasa kwenye unyevu, ifungie kabatini. Kuvu wanataka nini zaidi? Chakula wamepata, maji wamepata, giza wamepata. Lenzi iliyoota kuvu fundi ataisafisha, lakini wakishakula rangi ya juu ya kioo hairudi.

Basi nipange nilivyopanga mimi. Niseme mapema kwamba mimi ni wa Canon, kama wengine walivyo wa Simba au Yanga. Sijaribu kuficha na wala usinipigie simu kunibadilisha.

Namba moja ni Canon EF 400mm f/5.6L, ya mtumba. Ndiyo, lenzi ya mwaka 1993. Haivuti: ni 400 tu, asubuhi 400, jioni 400. Hakuna shingo inayotoka, fokasi yake hufanya kazi kwa ndani, na kikinga jua kimejengwa humohumo, unakitelezesha tu, hutakiacha hotelini. Uzito wake kilo moja na robo, hivyo hata mama yangu anaishika bila kulalamika, na mama yangu hulalamika. Ukiifunga kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, yenye sensa ndogo kama Canon 7D Mark II ya 2014 inakuletea mnyama kama lenzi ya 640, na bodi hiyo imezibwa vizuri dhidi ya vumbi, inapiga picha kumi kwa sekunde, na siku hizi waliohamia kamera mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) wanaiuza kwa bei ya huruma. Hata ukija kununua kamera mpya ya Canon baadaye, adapta ipo na lenzi itaendelea kufanya kazi.

Kasoro zake zipo. Haina kituliza mtikisiko. Unahitaji kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde au zaidi, na dereva azime injini. Hilo la injini ni bure na linasaidia kuliko vifaa vingi vya gharama, lakini ni lazima uombe, tena kwa adabu: “Kaka, naomba tuzime kidogo.” Kasoro ya pili, haisogelei kitu kilicho chini ya mita tatu na nusu, na kuna siku simba atakuja kulala kwenye kivuli cha gari lako. Hapo toa simu. Ya tatu ndiyo watu huninunia: tembo akisogea sana utapata sikio tu. Mimi nasema sikio la tembo lililo safi lina thamani kuliko tembo mzima mwenye madoa kumi na saba. Muunganiko wa lenzi na bodi hauna mpira wa kuzuia vumbi, hilo nalo nalikubali, ila hapo panafungwa asubuhi na kufunguliwa usiku, kwa hiyo sina ugomvi napo.

Wapenzi wa Canon wenzangu, tusijidanganye: kampuni hiyohiyo mwaka 1998 ilitoa EF 100-400 ya kusukuma na kuvuta, ambayo wapiga picha duniani waliibandika jina la pampu ya vumbi. Ile ya pili, ya 2014, ni ya kuzungusha na ni bora mno, lakini bei yake si ya mwongozo huu.

Namba mbili ni ya wasio na kamera kabisa na wasiotaka kuwa wapiga picha, wanataka picha tu. Panasonic FZ300, ambayo kwingine huuzwa kwa jina la FZ330, ya 2015. Ni kamera na lenzi pamoja, haifunguki. Inafika sawa na milimita 600 huku tundu likibaki f/2.8 mwanzo hadi mwisho, na imezibwa dhidi ya vumbi na matone ya maji. Shingo inatoka, kweli, lakini imezibwa. Sensa yake ni ndogo kama ukucha, hivyo jua likishazama uifunge mfukoni, ila mchana wa Tarangire hutamani kitu kingine. Usiichanganye na zile Nikon za shingo ndefu kama mkonga, P950 inayofika sawa na milimita 2000 na P1000 inayofika 3000. Namba zinatamanisha. Lakini hazikuzibwa, na vumbi likishaingia kwenye kamera isiyofunguka huwezi hata kupuliza, ni kwa fundi tu, aifumue yote. Tena saa saba mchana, mnyama akiwa mbali hivyo, unachopiga si chui, ni mazigazi yenye madoa.

Namba tatu: Sony 200-600 ya 2019 na Nikon Z 180-600 ya 2023. Hizi ndizo lenzi za kuvuta nilizozikubali bila masharti, kwa sababu kuvuta kwake ni kwa ndani. Zungusha utakavyo, urefu haubadiliki hata kwa unene wa kucha. Ningeziweka za kwanza kama mwongozo huu ungekuwa wa matajiri. Sony ilitoka kwa takribani dola 2,000, Nikon kwa takribani 1,700, hapo bado hujanunua bodi, na kila moja ina uzito wa kama kilo mbili. Kodisha. Nairobi na Arusha wapo wanaokodisha kwa siku, na siku tatu za kukodi ni sehemu ndogo tu ya bei. Kabla hujasaini, waambie wakupigie picha ya ukuta mweupe kwa f/16, mbele yako, ili madoa ya wateja waliotangulia yasije kuandikwa kwa jina lako.

Namba nne: Sigma 150-600 Contemporary na Tamron 150-600 G2. Najua nusu ya wasomaji mnazo. Ni lenzi nzuri, zina kituliza, zinafika mbali kwa pesa kidogo. Sigma ilitoka kwa dola 1,089. Lakini ni mivukuto, tena mivukuto mikubwa, na Sigma hiyo mpira wa kuzuia vumbi umewekwa nyuma tu, pale inapogusana na kamera. Ukiwa nayo usiiuze. Chukua foronya ya zamani, kata tundu mbele, ivalishe lenzi nzima, funga kwa mpira wa nywele. Mimi kwa zile za kuazima hutumia kanga, kipande kimoja, na kipande cha pili najifunga kichwani. Na gari likiwa linatembea, usivute. Subiri lisimame, vumbi lipite, ndipo uvute mara moja uache.

Namba tano: Canon RF 100-400 ya 2021. Gramu 635, ilitoka kwa dola 650, nyepesi hadi unaisahau. Inapumua, haikuzibwa, na ukiivuta hadi mwisho tundu lake ni f/8, mwanga haba. Kwa Mikumi wakati majani bado mabichi, sawa. Kwa Amboseli mwezi wa tisa, hapana.

Za bei ya chini kabisa sina maneno mengi. Canon 75-300, ile wanayokufungia bure na kamera, haina kituliza mtikisiko, na mwaka 2025 kampuni yangu ninayoipenda iliirudisha sokoni kwa kamera mpya bila kukiweka. Iache dukani, hata kama ni bure. Lenzi za kubana kwenye simu ni za kuchezea watoto.

Mfuko wa kuegemezea usinunue. Shona kwa kitambaa cha jinzi, uende nao mtupu, ujaze kilo mbili za maharage sokoni Karatu, uweke dirishani chini ya lenzi. Siku ya mwisho mnayapika. Tripodi ndani ya Land Cruiser yenye watu sita ni kutafuta ugomvi na shemeji.

Sasa wauzaji. Kwanza, hii tabia ya “bei njoo inbox.” Unaweka picha nane za lenzi, unaandika “kali sana, imetoka Dubai,” bei hutaki kuandika, kwa sababu unataka kwanza kuona picha yangu ya wasifu ndipo ujue niuziwe shilingi ngapi. Nimewahi kuuliza lenzi ileile mimi na mdogo wangu wa kiume, saa moja ikiwa katikati yetu, tukapewa bei mbili, na yangu haikuwa ile ndogo. Pili, dola. Kanuni za 2025 zimekataza kutaja bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, lakini ukiingia faragha bado unaambiwa “mia sita,” ukiuliza mia sita za nini unachekwa. Tatu, “imetumika mara mbili tu, harusini.” Harusi zote hizo zilifanyikia jangwani? Kwa nini ikitikiswa inasikika kama kayamba?

Kwa hiyo naenda mwenyewe, mchana, na tochi ya simu. Namulika kutoka nyuma, nachungulia mbele: nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, narudisha bila mjadala. Punje mbili tatu za vumbi hazinitishi, kila lenzi inazo. Kisha natoa kifuniko cha nyuma, naweka mgongo wa lenzi karibu na shavu, nazungusha haraka kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa mvukuto utausikia upepo mdogo wa baridi chini ya jicho, fuuu, kama mtu anayekupuliza.

Mara ya mwisho nilipofanya hivyo muuzaji aliacha simu yake, akanitazama nikiwa nimefumba macho na lenzi shavuni.

“Dada, hiyo ni kamera, si marashi.”

Nikamwekea shavuni na yeye, nikazungusha. Akashtuka, akajipangusa. Nilipomwonyesha kidole chenye vumbi jekundu akakipiga picha, akapunguza laki moja. Sikuichukua.