TAHADHARI: Skima za "lita 500" zinazouzwa kwa simu Unguja na Pemba

Assalaam alaykum wafugaji wa samaki wa maji chumvi, na khasa nyinyi mnaoanza tangi la matumbawe kwa mara ya kwanza.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp akiuza skima za protini, yaani mashine zinazotoa uchafu kwenye maji chumvi kwa povu la hewa na kuukusanya kwenye kikombe cha juu, kwa karibu nusu ya bei iliyozoeleka. Duka hana. Mzigo anasema uko Dar, unapakiwa kwenye boti, mwenyewe unaupokea bandarini, Malindi au Mkoani, na pesa itangulie kwa simu. Mashine inafika kweli, tena ndani ya boksi lenye picha nzuri. Ndiyo maana watu wanaendelea kuingizwa mkenge: kitu unakipata, ila hakifanyi kazi, na hujui kama hakifanyi kazi mpaka wiki ya tatu, maji yamepiga umanjano na matumbawe yamejikunja.

Anachojificha nyuma yake ni neno moja la kweli: "skima mpya lazima izoee." Ni kweli. Skima mpya huchukua siku kadhaa, mara nyengine wiki mbili na zaidi, kabla povu halijapanda kikombeni. Plastiki mpya inatoka kiwandani na mafuta, na mafuta huvunja povu. Kwa hiyo ukimpigia siku ya tatu anakwambia iache izoee. Siku ya kumi anakwambia subiri kidogo tu, maji yako bado machanga. Baada ya hapo muda wa kurudisha umepita, na simu haipokelewi.

Shikeni tofauti hii, maana ndiyo itakayokuokoeni: kuzoea kunahusu povu, hakuhusu viputo wala hewa. Skima nzima, hata saa ya kwanza, inageuza maji ndani ya mwili wake yakawa meupe kama tui zito. Viputo vyake ni vidogo, milimita moja kushuka chini, huwezi kuvihesabu, na vinapanda taratibu kama moshi. Ukiona viputo vikubwa vinakimbilia juu kimoja kimoja kama vya soda, basi hata ungoje mwaka mzima hakuna kitakachobadilika. Mashine hiyo haivuti hewa ya kutosha, au haiikati.

Sababu yake ni hii. Ute wa samaki, mabaki ya chakula na protini zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Zikikutana na kiputo, upande unaokimbia maji unang'ang'ania hewa, na uchafu unapanda nacho hadi shingoni mwa skima, ukakauka kidogo kidogo na kumwagikia kikombeni kabla haujaoza. Hewa ile ile ikikatwa viputo vidogo inakuwa na ngozi kubwa zaidi ya kubebea, na inakaa majini muda mrefu zaidi. Kwenye maji chumvi viputo vidogo haviungani upesi. Kwenye maji baridi vinaungana na kuwa vikubwa. Kwa hiyo mtu akikwambia skima yake ndogo itakusafishia pia tangi la sato nyumbani, hilo peke yake likutoshe kujua kuwa unazungumza na mtu asiyejua anachouza, au anayejua na anakupiga.

Sasa hivyo anavyovituma, kimoja kimoja.

Kinachotumwa zaidi si skima ya protini kabisa. Ni kile kifaa kidogo cha kunyonya utando wa juu ya maji kwenye matangi ya maji baridi: kina kola inayoelea, sponji ndani, na pampu ya wati chache. Hakina mpira wa hewa, hakina shingo, hakina kikombe cha kukusanyia uchafu. Kwa lugha za nje vyote viwili vinaitwa skima, na hapo ndipo anapochezea. Kisicho na kikombe juu si skima ya protini.

Cha pili kina umbo sahihi lakini pampu si yake. Pampu ya skima ina impela, kile kigurudumu cha ndani kinachozunguka, yenye vijiti vingi vyembamba kama sindano, na hivyo ndivyo vinavyokatakata hewa. Mashine hizi zimefungwa pampu ya kawaida ya kusukuma maji, impela yake ina mapezi manne au matano bapa. Inazunguka, inapiga kelele, inatoa viputo vya soda. Fungua kifuniko cha mbele cha pampu, ni cha kuzungusha tu kwa mkono, uitazame impela kwa macho yako. Ukiwa umeshaifungua, itazame na sumaku yake: kama ina ufa, imevimba, au ina doa la kutu, iache hapo hapo. Sumaku iliyopasuka inaendelea kuvimba ndani ya maji chumvi mpaka inakwama, na kabla haijakwama inamwaga chuma ndani ya tangi lako.

Cha tatu ndicho kinachonisikitisha zaidi, kwa sababu ni mashine nzuri ya kweli iliyouzwa mahali pasipo pake. Ni mtumba wa Marekani, pampu ya volti 110 hadi 120, hezi 60, yaani mipigo 60 ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Muuzaji anatoa transfoma ya kushusha umeme "bure", mnunuzi anashukuru. Transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Pampu hizi zinazunguka kwa kufuata hezi, kwa hiyo ile iliyotengenezwa kwenda mizunguko 3,600 kwa dakika itakwenda 3,000, pungufu ya moja ya sita. Hewa inapungua, kimo cha maji ndani ya mwili kinabadilika, na pampu yenyewe inachemka kuliko ilivyokusudiwa. Soma kibandiko kilicho kwenye mwili wa pampu, usisome cha boksi. Kiseme 220–240V na 50Hz. Kibandiko kilichobandikwa juu ya kibandiko chengine, kibandue. Pampu za volti 24 zenye chaja yake hazina tatizo la hezi, lakini hakikisha chaja ni ya mashine hiyo na inapokea volti 230.

Halafu kuna mitumba iliyogundishwa. Angalia pale mwili unapokutana na kitako, na pembeni ya mdomo wa bomba la kutolea maji. Gundi ngumu inayong'aa kama kioo au silikoni iliyopakwa kwa kidole ni ufa uliofichwa. Pete ya mpira ya kikombe ikikosekana, maji yatavuja usiku kucha. Na kama hujui skima ilikotoka, kumbuka kuwa matangi mengi ya kutibia samaki hutiwa dawa ya shaba. Shaba hubaki kwenye utando na chokaa ya ndani, na kwa kamba, konokono na matumbawe ni sumu hata ikiwa kidogo sana.

Hesabu za lita nazo. "Inafaa mpaka lita 500" maana yake ni tangi lenye samaki wachache sana wanaolishwa kidogo. Kwa tangi la matumbawe lenye samaki wa kawaida, igawe kwa mbili. Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50 ni lita 240, kwa hiyo hiyo ya 500 ndiyo inayokufaa, si ya 250. Lakini namba ya kweli iko kwenye hewa. Kwa tangi hilo tafuta inayovuta si chini ya lita 300 za hewa kwa saa.

Hewa unaweza kuipima nyumbani bila kifaa chochote. Chukua dumu la maji ya kunywa la lita 5, kata kitako. Funga kizibo, ligeuze, tia lita 4 za maji kwa kipimo, piga mstari kwa kalamu ya wino, kisha yamwage. Toboa kizibo, pitisha mpira wa hewa wa skima, ziba pembeni kwa gundi au plastisini pasipenye kitu. Skima ikiwa inafanya kazi ndani ya maji chumvi, lizamishe dumu, mdomo ukiwa juu, ndani ya ndoo nyengine ya maji mpaka ukingo wa chini uliokatwa ufike kwenye mstari wa maji. Skima inavuta hewa ya ndani ya dumu. Wewe lishushe taratibu ili maji ya ndani na ya nje yawe sawa. Hesabu sekunde kutoka maji yanapovuka alama hadi yanapofika kileleni. Lita 300 kwa saa ni lita 4 kwa sekunde 48. Ikichukua dakika mbili, unayo lita 120 tu.

Na video yake ya povu, msiiamini. Povu jeupe jepesi linalofurika kwenye kikombe ndani ya dakika moja ni tone la sabuni ya vyombo, au ile dawa ya kutibu maji ya bomba inayowekwa "kinga ya ngozi ya samaki". Zote zinaifanya skima iwe kama wazimu. Uchafu wa kweli haupandi dakika moja, una rangi ya chai ya rangi mpaka kijani cha giza, na unanuka mtu akageuza uso.

Kwa hiyo msilipe kabla. Mkutane pahala penye umeme, na ndoo pana yenye maji ya bahari ya kutosha kina kinachotakiwa na mashine, mara nyingi sentimita 15 hadi 25. Iwasheni nusu saa. Hapo hamtafuti povu, mnatafuta tui. Asiyekubali nusu saa, mwacheni na mzigo wake. Na kama anakutia na "zawadi" ya jiwe hai (jiwe la baharini lenye viumbe hai ndani yake) au matumbawe yaliyong'olewa mwambani, usipokee. Menai, Mnemba na mkondo wa Pemba ni maeneo ya hifadhi, na jiwe la bei ya bure limetoka mahali.

Aliyekwisha kununua mashine ambayo viputo vyake ni sahihi, huenda kosa liko kwenye ufungaji, na maelekezo anayotoa muuzaji huyu ni mabaya vile vile. Ioshe kwanza: siki sehemu moja kwa maji sehemu mbili, izunguke saa moja, kisha suuza. Kwenye sampu, lile tangi la chini linalopokea maji ya tangi la juu, iwekee kina cha maji kisichobadilika, juu ya kigoda ikihitajika. Kina kikipanda sentimita mbili tu, skima inatoa maji badala ya povu. Anza na valvu ya kutolea maji ikiwa wazi, siku mbili tatu, ndipo uifunge kidogo kidogo mpaka mstari wa povu ukae chini ya shingo. Futa shingo kila siku mbili au tatu, maana mafuta yanayoganda pale ndiyo yanayolivunja povu. Dagaa wenye mafuta nao hulishusha kwa saa kadhaa. Hilo si ubovu.

Mpira wa hewa unaziba kwa chumvi, huku kwetu upesi. Kila wiki mbili uvutishe glasi ya maji ya vuguvugu, ya mvua yakipatikana, maana ya kisima chetu yana chokaa. Na mdomo wa mpira huo utoe nje ya dirisha. Skima inavuta hewa ya chumbani na kuichanganya na maji, kwa hiyo moshi wa udi, mkaa na khasa dawa ya mbu ya kupuliza vyote vinaishia tangini. Dawa ya mbu inaua kamba kabla haijaua mbu.

Umeme ukikatika, maji ya tangi la juu yanashuka kwenye sampu. Ukirudi, skima inaanza ikiwa imezama kupita kiasi, na kikombe cha uchafu wa wiki nzima kinafurika na kurudi majini. Ichelewesheni dakika tano hadi kumi kwa taima ya soketi, au pitisheni mpira kutoka tundu la chini la kikombe hadi kwenye dumu lililo nje ya sampu. Waya wa pampu upinde ushuke chini ya soketi kabla haujapanda, ili tone la maji lianguke sakafuni, na mzunguko huo uwe na breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Pampu feki hazijazibwa vizuri ndani. Maji chumvi na volti 230 zinaua mtu.

Waliokwisha kutuma pesa leo au jana: pigieni mtandao wenu wa simu sasa hivi, ombeni muamala uzuiwe kabla hajautoa, kisha tumeni namba yake kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Hifadhini sauti, picha na risiti ya boti, polisi watazihitaji. Na aliyeletewa boksi asilitupe. Kibandiko cha pampu pigeni picha karibu, volti na hezi zisomeke, muiweke humu wengine waione.