Uzoefu wangu: kubadilisha diski za RAID kwa mdadm

Seva yetu ya ofisini haina makuu: diski nne za terabaiti 4 kwenye RAID 5 (mpangilio unaounganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki), juu yake Linux. Hatukununua kontrola ya RAID, yaani kadi maalumu ya kuziongoza diski hizo. Kazi yote inafanywa na mdadm, programu ya bure aliyoianzisha Neil Brown mwaka 2001. Diski mojawapo ilipoanza kuchoka, smartctl, programu inayosoma afya ya diski, ndiyo iliyotustua. Ile hesabu ya Current_Pending_Sector (sehemu za diski zinazoshukiwa kuwa mbovu), ambayo kwa diski yenye afya huwa sifuri, ilikuwa inapanda kila nikiangalia.

Wengi tumezoea kuitangaza diski mbovu kuwa imekufa, kuichomoa, kuweka mpya na kusubiri. Kwenye RAID 5 hapo umebaki huna kinga. Diski zilizobaki zinasomwa zote mwanzo hadi mwisho, hata sehemu ambazo hazijaguswa miaka, na moja ikigoma katikati, basi tena. Kinachonifanya niisifie mdadm ni amri ya --replace, iliyopo tangu kerneli (kiini cha Linux) toleo la 3.3. Unachomeka diski mpya kwenye nafasi ya ziada, ile ya zamani ikiwa bado kazini, kisha:

mdadm /dev/md0 --add /dev/sde1
mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdc1 --with /dev/sde1

Data inanakiliwa kutoka kwenye diski mbovu yenyewe. Ikifika mahali pasiposomeka, inaombwa kwa diski nyingine. Muda wote huo faili la hali ya RAID, /proc/mdstat, linaonyesha [UUUU], yaani diski zote nne ziko kazini, na diski mpya ina alama ya (R), yaani mbadala. Kasi ilianza vizuri, ikashuka kadiri ilivyosogea ndani ya sahani za diski, na hilo ni kawaida. Watu wa uhasibu waliendelea na kazi zao bila kujua lolote.

Bekapu nilikuwa nimeshaichukua na kujaribu kurudisha mafaili kadhaa. RAID si bekapu, jamani.

Kazi ya kutia jasho ni kujua diski ipi ni ipi. Leo ni sdc, kesho ukiwasha upya inaitwa sdd. Usiliamini jina hilo. Nenda /dev/disk/by-id, chukua namba ya kiwandani, ndipo uitafute kwenye lebo ya diski. Kasha letu halina taa za kuonyesha, kwa hiyo kila trei ina kipande cha seloteipu usoni chenye tarakimu nne za mwisho. Kichomolewacho ni kile ambacho namba yake imesomwa kwa sauti na watu wawili.

Malalamiko? mdadm haikuulizi mara mbili, na kuigawa diski mpya katika vipande (kama sde1), kabla ya kuiongeza, ni juu yako. Kwa sgdisk -R, amri ya kunakili mgawanyo wa diski moja kwenda nyingine, diski inayopokea inatajwa kwanza na ya kunakili mwisho. Ukigeuza, umefuta mgawanyo wa diski iliyo salama. Kwa hiyo nyota nne kati ya tano.

Kwenye kununua, uliza kama diski ni CMR (njia za data zimetengana) au SMR (njia zinapishana, hivyo kuandika upya ni polepole). Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa SMR, na hizo zinaweza kuburuta sana wakati wa kujaza upya. Sisi tulichukua Red Plus, ambazo ni CMR.

Ukimaliza, andika check kwenye /sys/block/md0/md/sync_action, uiache ikague usiku, asubuhi uangalie mismatch_cnt, hesabu ya sehemu ambazo data ya diski haikulingana. Yetu ilisoma 0.