Filamu tano za Katanga, zikipimwa kwa mikono na masikio

Makala (kwetu Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, neno hili ni makaa ya kupikia), filamu ya mwaka 2017 ya Mfaransa Emmanuel Gras, inaanza na mtu anayekata mti kwa shoka, na kamera haimwachi mpaka mti uanguke. Hakuna msimulizi. Hakuna mtaalamu aliyeketi ofisini kutueleza bei ya makala wala hali ya misitu. Ni shoka, pumzi, vipande vya mbao vinavyoruka, na mti mkubwa unaochelewa kukubali. Mtazamaji wa Lubumbashi anatambua hapo hapo kwamba huyu mtengenezaji anaijua thamani ya kazi, kwa sababu mti wa miombo hauanguki kwa mapigo matano kama kwenye filamu nyingine.

Kipimo changu kwa filamu yoyote inayodai kuonyesha Katanga ni hicho: mikono inafanya nini, na masikio yanapokea lugha gani. Mandhari nzuri na muziki mzuri vinakuja baadaye. Kati ya filamu tano zilizotoka kuanzia 2016 hadi 2024, Makala ndiyo inayopita kipimo hicho kwa alama za juu kabisa.

Tazama namna inavyoshughulikia tanuri. Magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa udongo, moto unafanya kazi ndani kwa ndani. Siri ya makala ni hewa. Kuni zikipata hewa nyingi zinakuwa majivu; zikinyimwa kabisa moto unakufa na mchomaji anabaki na magogo yenye ngozi nyeusi na moyo mbichi. Ndiyo maana tuta la udongo halilaliwi usingizi mzito: kila ufa unazibwa upesi kabla haujaula mzigo wa wiki nzima. Gras haelezi hata neno moja la haya. Anakaa tu na mchomaji wake, Kabwita Kasongo, muda wa kutosha, mpaka hata asiyewahi kuchoma makala ajue kwamba kosa dogo hapa ni hasara kubwa.

Halafu inakuja kinga, yaani baiskeli, na filamu inapanda ngazi. Magunia yamefungwa pande zote mpaka chuma chenyewe hakionekani vizuri, kanyagio hazina kazi tena, mtu anasukuma kwa miguu kilomita 50 hivi hadi Kolwezi. Anayejua mzigo wa namna hii ataona mambo ambayo mtazamaji wa Ulaya huenda yakampita. Uzito ukizidi nyuma, gurudumu la mbele linataka kuinuka kwenye mwinuko. Ukiegemea upande mmoja, bega la upande wa pili ndilo linalolipa. Kwenye mchanga tairi linazama, na ukisimama huko, kuanza tena kunataka nguvu kuliko kuendelea. Kwa hiyo mtu anasukuma hata pale mwili umekataa. Kushuka mlima ni hatari kuliko kupanda, maana breki za baiskeli hazikutengenezwa kwa mzigo ule, na breki halisi ni visigino vya msukumaji. Wakati huo huo malori yanapita karibu kiasi cha kutikisa magunia, na vumbi linafunika kila kitu. Tena huyo mtu hana bima ya chochote: gunia likipasuka barabarani, bati moja la nyumba anayoiota limepotea.

Sauti ndiyo roho ya sehemu hii. Mlio wa ekseli iliyolemewa unasikika dakika nyingi, na selo, ile fidla kubwa, ya Gaspar Claus inaingia juu yake kwa uzito unaofanana. Mahali pengine ningependa selo inyamaze, maana ule mlio unatosha. Ukitazama kwenye spika ndogo za simu utaipoteza filamu nusu nzima. Tumia vipokea sauti vya masikioni au spika yenye besi.

Mjini wateja wanabishana bei kwa Kiswahili chetu chenyewe, hakikusafishwa, hakikupelekwa shule. Ni furaha kubwa kukisikia kwenye filamu iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kwenye tamasha la filamu la Cannes. Ila angalia maandishi ya Kifaransa yaliyo chini: ubishi wa soko una utani, kuomba, kutisha kidogo na kusalimia, vyote ndani ya sentensi moja, na maandishi yanabakiza bei tu. Ukitazama na rafiki asiyejua Kiswahili, mfasirie hapo. Lawama yangu moja kwa Gras ni kwamba filamu haisemi chochote kuhusu makubaliano kati ya mwenye kamera na mwenye baiskeli. Kamera imetembea barabara ile ile, na mtazamaji ana haki ya kujua ilikuwa na uhusiano gani na yule mtu aliyekuwa akihema mbele yake.

The Siege of Jadotville (2016) iko upande wa pili kabisa. Jadotville ni Likasi ya leo. Jina lilibadilishwa mwaka 1966, kama Elisabethville ilivyokuwa Lubumbashi. Filamu inasimulia Septemba 1961, wakati kikosi cha Waireland wapatao 155 wa Umoja wa Mataifa, chini ya Pat Quinlan, kilipozingirwa na askari wa Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, na mamluki. Kama filamu ya vita, imejengwa vizuri: utaelewa kwa nini Quinlan aliwachimbisha watu wake mahandaki mapema, kwa nini maji yalikuwa tatizo sawa na risasi, na ndege moja ya kivita ya Fouga inaweza kufanya nini kwa watu wasio na silaha ya kuipiga. Hakuna Mwireland aliyeuawa katika mapigano yale, na filamu inaonyesha sababu zake hatua kwa hatua.

Lakini masikio yanabaki na njaa. Imepigwa Afrika Kusini, na nyasi zake si zetu, udongo wake si wetu. Hilo ningelisamehe. Nisichosamehe ni kwamba Wakatanga wanakuja kwa mistari, wanaanguka, wanakuja tena, bila jina na bila sentensi. Mji wa wachimbaji na wafanyakazi wa reli umekuwa uwanja mtupu wa wageni kupigania. Ukiwa na mzee wa Likasi nyumbani, itazame naye, usimamishe pale kila anapotaka kusema neno.

Augure ya Baloji (2023) inahitaji subira zaidi, na inailipa. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, na jina lake tu ni mlango wa kuingilia: kwa masikio ya huku, baloji ni walozi. Filamu ina watu wanne ambao jamii imewatia alama ya uchawi: Koffi, kijana wa mtaani Paco, Tshala dada yake Koffi, na Mama Mujila mama yao. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na Alice, mchumba wake mwenye mimba ya mapacha, akitaka kumaliza jambo la mahari na baba yake. Kabla ya safari anajikumbusha Kiswahili. Mtoto wa nyumbani anajifunza maneno ya nyumbani kama mgeni! Kwa wenye ndugu walioko Ulaya, tukio hilo linachoma kuliko kelele zote zinazofuata.

Jambo kuu linatokea kwenye karamu ya ukoo. Koffi amembeba mtoto mchanga, damu inamtoka puani, inamwangukia mtoto. Tazama jinsi Baloji anavyopanga nyuso: nani anamnyang'anya mtoto, nani anarudi nyuma, nani anabaki amekaa. Hakuna anayehitaji kueleza maana yake. Alama iliyo usoni mwa Koffi tangu kuzaliwa ilikuwa mashtaka tayari, na damu imekuwa ushahidi. Hivi ndivyo mashtaka ya ulozi yanavyofanya kazi kweli: hukumu hutangulia, kisha kitu chochote kinachotokea kinachukuliwa kuwa uthibitisho wake.

Sura ya Paco na vijana wake waliovaa magauni ya waridi ni nzuri kwa macho, ila hadithi inatawanyika. Tshala anaishika tena. Mama Mujila ndiye kilele: yule aliyeonekana kama hakimu wa mwanawe anafunuliwa kuwa naye amebeba hukumu ya ukoo maisha yake yote. Yves-Marina Gnahoua anacheza haya kwa shingo na macho, maneno machache sana. Zawadi ya Sauti Mpya ambayo filamu ilipewa Cannes, katika sehemu ya Un Certain Regard, ilistahili hata kwa sura hiyo peke yake.

Udhaifu wake uko kwenye mahali. Ilipigwa Kinshasa na Lubumbashi, na mji wa filamu hauna jina. Mgeni anaona nchi moja ya ndoto; sisi tunasikia Kiswahili, Lingala na Kifaransa vikipishana bila kujua nani amekulia wapi. Lugha huku inaeleza mama ni wa wapi, baba alihamia lini, mtoto alichezea mtaa gani. Filamu inayochunguza ukoo kwa undani namna hii haikupaswa kuuacha ushahidi huo.

Onyo la kifundi: Augure ina giza, vumbi na moshi mwingi. Nakala iliyobanwa sana inageuza moshi kuwa vipande vya mraba, kwa sababu moshi hubadilika kila mahali kwa wakati mmoja na faili dogo halina nafasi ya kuubeba. Chukua nakala ya pikseli 1080 ukiweza. Kwenye televisheni chagua hali ya sinema, zima ulainishaji wa mwendo, na usipandishe mwangaza kupita kiasi, la sivyo weusi unakuwa kijivu. Projekta ya kawaida iachwe mpaka jua litue. Na kama maandishi ya Kifaransa yanatoka na alama za ajabu mahali pa é na è, faili la maandishi lina usimbaji mwingine: lifungue kwenye kompyuta, ulihifadhi upya kwa UTF-8.

Soundtrack to a Coup d'Etat (2024) ya Mbelgiji Johan Grimonprez ni dakika 150 za picha za zamani, jazi na siasa, kuelekea kuuawa kwa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, hapa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Louis Armstrong alipiga tarumbeta Elisabethville mwezi Novemba 1960, na filamu inaeleza vizuri kwa nini ziara yake haikuwa muziki tu. Tatizo la kuitazama ni la macho: kuna nukuu kubwa kwenye skrini na tafsiri chini yake, kwa wakati mmoja. Igawe mara mbili, dakika 75 kila jioni, uwe tayari kuirudisha nyuma.

Machini (2019) ina dakika 10 tu. Frank Mukunday na Tétshim waliitengeneza Lubumbashi kwa mawe madogo na chaki, wakisogeza kidogo, wakipiga picha, wakisogeza tena. Kwa uhuishaji wa kawaida wa picha 12 tofauti kwa sekunde, dakika 10 ni picha 7,200, na mkono ukigusa jiwe vibaya mara moja mwendo wote unaruka. Mawe ndiyo watu, na mawe hayo hayo ndiyo utajiri unaowapa moshi na kuwanyima hewa. Hakuna aliyelazimika kuchora bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, ili tulikumbuke. Itazame mara mbili mfululizo: mara ya kwanza fuata watu, mara ya pili fuata vumbi la chaki linaloachwa kila kitu kinaposogea.