Nikon D90 iliyotumika: nimeichukua, lenzi yake nimeiacha

Mwezi wa sita mteja wangu wa Kampemba, hapa Lubumbashi, alinirudishia gauni akiwa amenuna. "Mama, kwenye picha lilikuwa la bluu." Gauni lilikuwa la zambarau tangu kikwembe, yaani kitenge, kilipokuwa bado kimekunjwa dukani, ila simu yangu ndiyo iliyoligeuza. Simu hiyohiyo nikiiambia ififishe mandhari ya nyuma, hula ncha za kilemba, mtu akaonekana kama amekatwa na mkasi butu. Ndipo nikaanza kutafuta aparei, yaani kamera, ya kweli, na kwa mfuko wa fundi cherehani wa Katuba, aparei ya kweli ni ile ambayo mtu mwingine ameshaichoka.

Niliyoipata ni Nikon D90. Ilitangazwa Agosti 2008, na wakati ule watu waliishangaa kwa sababu kati ya kamera kubwa za aina yake, zenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, ndiyo ilikuwa ya kwanza kupiga video. Megapikseli zake ni 12.3. Kijana wa jirani alicheka aliposikia, yeye simu yake ina 50. Sikubishana naye. Picha zangu zinaishia WhatsApp, na zikienda mbali sana ni bango la mlangoni lisilofika hata mita moja.

Muuzaji ana meza karibu na soko la Kenya, komini ya mji wetu huu, kamera ikiwa imelala katikati ya chaja na redio. Alitaka dola 160 pamoja na lenzi ya milimita 18-105, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiuzwa nayo zamani. Nilikwenda na mtoto wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, yeye hupiga picha za harusi, na kazi yake ya kwanza siku ile ilikuwa kunikanyaga mguu kila nilipotaka kutabasamu.

Aliichomoa lenzi, akaipitishia mwanga wa tochi ya simu kutoka nyuma. Karibu na ukingo wa kioo cha ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba sana, zimetawanyika kama mizizi ya nyasi.

"Ni vumbi tu hilo, Mama," muuzaji akasema. "Kwenye picha halitoki."

Mwanangu, mimi nashona. Vumbi na uzi nimevitenganisha maisha yangu yote, na vumbi halina matawi. Ule ulikuwa ukungu. Huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye begi lenye unyevu, na hapa Lubumbashi mvua ikianza Novemba haituachi mpaka Machi au zaidi. Hata fundi akiusafisha, mara nyingi huacha alama, maana hula ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Nikairudisha lenzi mezani.

Kamera yenyewe ilinipa moyo zaidi. Tuliirudishia lenzi ile kwa jaribio tu, tukafunga tundu lake mpaka f/16, yaani dogo sana, tukapiga ukuta mweupe wa duka la jirani, kisha tukakuza picha: madoa matatu, vumbi lililoshika sehemu ya ndani inayonasa picha. Mawili yaliondoka kwa kupulizwa na kile kipira cha hewa, la tatu ninalo mpaka leo, juu kulia, na kwa kuwa nyuma ya nguo zangu huwa naweka shuka la mistari, sijawahi kuliona tena. Nikon huandika ndani ya faili la picha idadi ya mara ambazo kamera imepiga. Mtoto wa yaya aliisoma kwenye simu yake: elfu 61 na kidogo. Mtengenezaji alikijaribu kifunga mwanga cha D90, kile kinachofunguka na kujifunga kila ukipiga, kwa mara 100,000. Hicho ni kipimo cha kiwandani, si siku ya kifo. Nyingine huvuka, nyingine hufia njiani.

Betri nayo ina sehemu yake kwenye menyu, inayoonyesha uzee kuanzia 0 hadi 4. Yetu ilisema 3. Mpira wa mahali pa kushikia ulikuwa umevimba na kuachia pembeni, ugonjwa wa Nikon nyingi za umri huo. Huo ulinipa punguzo, kisha fundi viatu wa mtaani akanimalizia kwa gundi kwa faranga elfu mbili.

Tulipatana dola 85, bila lenzi, na chaja ndani. Noti yangu moja ya 20 ilikuwa na mpasuko mdogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Akaikataa, ndiyo desturi ya mji huu. Yule yule aliyetaka kuniuzia ukungu!

Lenzi niliinunua kwa rafiki wa mtoto wa yaya, ya milimita 50, f/1.8D, kwa dola 60. Hapa ndipo D90 inapowashinda wadogo zake. Ina mota yake mwilini, kwa hiyo lenzi za zamani kama hii zinajilenga zenyewe. Ukinunua D3000 au D5000 ukaifunga lenzi hiyohiyo, utazungusha kwa mkono, na mteja aliyevaa gauni la kubana hasimami wima muda wote huo.

Kwenye rangi, mimi nimeridhika kabisa. Kamera inakubali kufundishwa nini ni cheupe: natandika kipande cha popelini nyeupe pale pale mteja atakaposimama, naipiga mara moja, na kuanzia hapo zambarau inabaki zambarau. Ule mng'ao wa nta kwenye kikwembe unaonekana, hata mshono wa bomba pembeni. Mama mmoja aliyekuja kuchagua sare za harusi alikuza picha kwenye simu yake mpaka akahesabu vifungo.

Usumbufu ni nafasi. Kwenye kamera hii lenzi ya 50 inaona finyu, na kumpata mtu mzima, kilemba mpaka viatu, lazima nirudi nyuma zaidi ya mita 4. Chumba changu cha kushonea kina 3. Basi tunapigia uani, asubuhi kabla jua halijawa kali, na wakati wa kiangazi namwagia maji ardhini kwanza, la sivyo vumbi jekundu linapanda kwenye pindo la nguo nyeupe kabla sijabonyeza.

Video isahau. Ni ya mistari 720, haina mahali pa kuchomeka maikrofoni, kila kipande kinaishia dakika 5, na ukiigeuza kamera haraka kidogo, mlango wa nyumba unapinda kama unaonekana ndani ya maji. Jioni pia si rafiki: nikipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, kupita 1600, nguo nyeusi inajaa chembe kama imemwagiwa mchanga. Na usinunue kadi kubwa ya kuhifadhia picha. Yangu nimeweka ya gigabaiti 32, naichomoa na kuisomea kwenye simu kwa kifaa kidogo cha dola 3, maana kamera yenyewe haijui Wi-Fi ni nini.

Mtu anayepiga harusi usiku ukumbini, huyu mtoto wa yaya kwa mfano, nisingemwambia aichukue, na yeye mwenyewe haitaki. Kwa anayeuza kitu kinachotulia mchana, nguo, viatu, vitanda vya mbao, ningemwambia aende, tochi mkononi.

Sasa natafuta betri. Mpya yake ilihesabiwa kufikisha picha 850. Hii ya daraja la 3 inanikatikia kwenye mia mbili na kitu, na umeme ukiwa haupo siku mbili naishia kumpeleka mteja nyumbani bila picha. Za kuiga nimeziona kwa dola 12. Nitachukua moja.